SHERIA NA JASHO LA MSANII: HAKI YA MFANYA KAZI KATIKA NGOMA, VINYAGO NA URITHI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Ndugu wanachama, mama zetu na baba zetu, na ninyi vijana mliofika hapa kwa mara ya kwanza,

 Tumezoea kuitana katika ukumbi huu kwa ajili ya mishahara, saa za kazi, likizo na nyumba. Leo tumewaita kwa jambo ambalo wengine walipoliona katika tangazo waliuliza, "Chama kina nini na ngoma? Chama kina nini na vinyago?" Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu kabla ya kwenda mbele.

Jibu letu ni hili. Mfanya kazi hauzi nguvu za mikono peke yake. Miongoni mwetu yuko anayeimba jioni akisha kutoka zamu. Yuko mama anayesuka kiondo huku akienda sokoni. Yuko anayechonga, yuko anayechora mabango, yuko anayetunga mashairi, na yuko anayepiga gitaa Jumamosi usiku ili apate karo ya watoto. Hizo nazo ni kazi. Zina jasho ndani yake, na penye jasho hapakosi mtu wa kutaka kulifaidi bure. Mshahara usiolindwa na sheria huwa sadaka ya mwajiri. Vivyo hivyo wimbo usiolindwa na sheria huwa mali ya mtu wa kwanza kuuokota.

Tena liko jambo la pili. Sheria ni kisu. Hukata nyama ya kupikwa, na hukata kidole cha mpishi. Katika nchi yetu sheria imepata kuwa ngao ya msanii, nayo imepata kuwa pingu zake. Tutasema pande zote mbili, maana mfanya kazi aliyefundishwa upande mmoja tu hudanganywa kwa urahisi upande wa pili.

1. KATIBA YASEMA NINI

Tuanze juu kabisa. Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010 ina Kifungu cha 11, nacho chasema kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa. Hakikuishia katika sifa. Kimeiamuru Serikali iendeleze utamaduni kwa vitabu, kwa sanaa, kwa sherehe za jadi, kwa magazeti na kwa maktaba; tena kimeliamuru Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Kifungu cha 33 kimetaja uhuru wa kubuni kazi za sanaa kuwa sehemu ya uhuru wa kusema. Kifungu cha 40 kimeitaka Serikali ilinde haki za watu katika kazi za akili zao. Kifungu cha 44 kimempa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki katika utamaduni wake.

Angalieni basi, ndugu zetu: Kifungu cha 41, kinachotupa haki ya kuingia katika chama na kugoma, kimo katika sura ile ile ya haki. Haki ya kugoma na haki ya kuimba zimewekwa katika nyumba moja. Anayetaka kuivunja moja amekwisha kuukaribia mlango wa ya pili.

2. WIMBO NI MALI YA NANI?

Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 2001. Kwa sheria hiyo iliundwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Watu wengi wadhani ya kwamba mtu hana haki mpaka aende Nairobi kuandikisha. Sivyo. Haki yazaliwa pale kazi inapoandikwa, au kunaswa sauti, au kuwekwa katika umbo ambalo mwingine aweza kuliona au kulisikia, maadamu mtunzi ametia juhudi yake mwenyewe. Kuandikisha katika Bodi ni ushahidi, nao ni ushahidi mwema sana siku ya ugomvi. Lakini mama wa haki ni kazi yenyewe.

Wimbo ulio kichwani tu hauna ulinzi huo. Ukiuimba barabarani, na mwingine akaenda kuunasa kwa jina lake, utabaki kusema "wimbo ule ni wangu" na hakimu atakuuliza, "Uko wapi?" Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wake ni wimbo wa "Malaika". Dunia nzima waujua. Miriam Makeba aliuimba, na kundi la Boney M likauimba huko Ulaya. Katika nchi yetu jina lililoshikamana nao ni la Fadhili William. Lakini wako wengine waliotajwa kuwa ndio watunzi, na ugomvi huo umedumu miaka mingi. Sisi hatukukutana hapa kuamua shauri hilo. Tunautaja kwa sababu unaonyesha jinsi wimbo uwezavyo kuzunguka dunia, hali watu wa kwao wangali wakibishana kuhusu mwenyewe.

Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba wimbo ni shamba: mzazi huwaachia watoto. Lakini shamba laweza kuuzwa kwa siku moja ya njaa. Tumewasikia wenzetu wakieleza jinsi walivyotia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, wakapewa fedha za kodi ya miezi miwili, na baadaye wakausikia wimbo wao katika tangazo la biashara wasipate hata senti. Sheria yasema kwamba kuhamisha hakimiliki sharti kuwe kwa maandishi yenye sahihi. Hilo ni jema, kwa kuwa mtu hawezi kukunyang'anya kwa maneno matupu. Lakini pia ni hatari, kwa kuwa sahihi yako ndiyo ufunguo wa nyumba. Usimpe mtu ufunguo kabla hujaisoma karatasi, au kabla hujaletewa msomaji unayemwamini.

Iko haki moja isiyoondoka kwa sahihi hiyo. Mtunzi, maadamu yu hai, anayo haki ya kutajwa kuwa yeye ndiye mtunzi, na haki ya kukataa kazi yake isiharibiwe kwa njia ya kumvunjia heshima. Fedha zaweza kuuzwa, jina haliuzwi.

Na fedha zenyewe? Mwaka 2022 sheria ilitengenezwa tena, ikasema kwamba katika biashara ya nyimbo zinazowekwa kwenye simu ili mpigaji azisikie akingoja kujibiwa, fungu la msanii au mwenye hakimiliki lisipungue asilimia 52. Kabla ya hapo wasanii wengi walilalamika kwamba kampuni na madalali walikuwa wakigawana nyama, wao wakaachiwa mchuzi. Hatusemi kwamba kuandikwa kwa 52 katika sheria ni sawa na kuzipata mkononi. Ninyi mwajua kwamba hata kima cha chini cha mshahara kimeandikwa, na wako waajiri wasiokilipa. Lakini kile kilichoandikwa chaweza kudaiwa, na kile kisichoandikwa chaweza kuombwa tu.

Mrabaha wa nyimbo zinazopigwa katika redio, mahoteli na mabasi hukusanywa na vyama vya wasanii vyenye kibali cha Bodi. Vyama hivyo vimekuwa na migogoro mingi, na mara kadha wa kadha ugomvi umefika mahakamani. Sisi watu wa chama cha wafanya kazi twaijua dawa yake, maana ndiyo dawa tuliyoitumia hapa kwetu: mwanachama ahudhurie mkutano wa mwaka, aulize hesabu, ataka kuona daftari, na apige kura. Chama kisichoulizwa na wanachama wake huwa duka la viongozi.

3. KAZI ILIYOFANYWA KAZINI

Sasa tumefika mahali panapotuhusu sana, na twaomba msikilize kwa makini.

Ile Sheria ya Hakimiliki yasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa na mfanya kazi katika kutimiza kazi yake ya kuajiriwa, hakimiliki yake yahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri. Kwa hiyo mchoraji aliyeajiriwa akachora picha ya kalenda ya kampuni, picha ni ya kampuni. Mpiga picha wa gazeti, mwandishi wa michezo ya redio, mbuni wa nakshi za kitambaa katika kiwanda cha nguo, wote wamo.

Lakini maneno hayakuisha hapo. Sheria imeongeza kwamba jambo hilo ni chini ya mapatano yo yote ya pande mbili yanayoliondoa au kulipunguza. Ndugu zetu, neno "mapatano" ndilo mlango wa chama! Mtu mmoja hawezi kwenda peke yake kwa meneja na kusema, "Bwana, nataka tugawane haki ya picha yangu." Ataambiwa aende zake. Lakini mapatano ya pamoja, yaliyojadiliwa na chama na kuandikishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kama Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inavyotaka, yana nguvu ya kumfunga mwajiri.

Jambo jingine ni hili. Sheria yasema kazi iliyofanywa katika ajira. Dereva aliyetunga wimbo nyumbani kwake usiku hakutunga katika ajira ya udereva. Wimbo ni wake. Hata hivyo tumeona hati za ajira zilizoandikwa kwa werevu, zikisema kwamba cho chote atakachobuni mfanya kazi, wakati wo wote, ni mali ya kampuni. Maneno mawili hayo, "wakati wo wote", yameingia mpaka jikoni kwa mtu na kitandani kwake. Kamati yenu haikubali maneno hayo yapite bila kupingwa.

4. MALI YA MMOJA NA MALI YA WOTE

Hakimiliki yafaa kwa kazi ya mtu anayejulikana. Je, kitu cha jamii nzima, kisicho na mtunzi mmoja wala mwaka wa kutungwa? Nani alibuni kikoi? Nani alisuka kiondo cha kwanza? Nani aliunda hatua za Isukuti?

Mwaka 2007 watu wa nchi yetu walishtuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba huko kwao iandikishiwe neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Wengine walisema kikoi kimeibwa, wasusi hawatasuka tena. Yafaa tueleze vizuri, maana adui usiyemjua humpigi. Alama ya biashara haikatazi mtu kusuka kitambaa. Yakataza wengine kuuza bidhaa hiyo kwa jina hilo katika nchi ile alama ilikoandikishwa. Hata hivyo hasara ingalikuwa kubwa: mfumaji wa hapa angalipeleka vikoi Uingereza asiweze kuviita vikoi! Watetezi wa biashara ya haki pamoja na mawakili waliweka pingamizi, na mwaka 2008 ombi lile likaanguka. Sheria ile ile iliyotaka kutumiwa kama wavu, ndiyo iliyotumika kuukata wavu.

Baada ya mambo kama hayo, na kwa amri ya Katiba, Bunge lilipitisha mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni. Yasema kwamba mtu wa nje akitaka kutumia maarifa ya jamii, au nakshi zake, au ngoma zake kwa biashara, sharti kwanza aombe ruhusa ya wenyewe, waelezwe wakaelewa, wakubali, na wapate sehemu ya faida. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuweka madaftari ya mambo hayo. Tunawauliza wanachama waliotoka kila pembe: katika kaunti yako, daftari liko wapi? Ni nani aliyeliona? Sheria isiyoulizwa hulala, na sheria iliyolala hailindi mtu.

Njia nyingine ya kulinda mali ya wengi ni ushirika. Wachongaji wa Kikamba wa Mombasa waliungana mwaka 1963 wakaanzisha chama cha ushirika cha vinyago kule Changamwe. Mchongaji mmoja akikaa kando ya njia hupangiwa bei na mtalii au dalali. Wachongaji wengi wakiwa na duka moja na bei moja, ni dalali anayeanza kubembeleza. Haya hayahitaji kuelezwa sana mbele ya watu wa chama.

5. VIGANGO

Sasa tuwaeleze habari moja ya kusikitisha, nayo yafundisha kuliko hotuba kumi.

Wagiriama, mmoja wa wazee wa chama cha Gohu akifa, humchongea kigango, yaani mti mgumu wenye umbo la mtu na nakshi, wakausimamisha kwa heshima yake. Kigango si pambo. Ni mahali pa kumkumbuka marehemu na kumtuliza. Hakiondolewi, hata watu wa mji wakihama, chenyewe hubaki pale pale mpaka kioze ardhini.

Katika miaka ya sabini na themanini wafanya biashara wa sanaa waligundua kwamba vigango hupata bei kubwa Marekani. Vijana wasio na kazi wakapewa fedha kidogo wakaenda kung'oa usiku. Mwaka 1985 mwana-elimu mmoja wa Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Chalani, karibu na Kaloleni, amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Mwaka ule ule vigango vile viliibwa. Miaka ikapita, na mzee akafa bila ya kuviona tena. Baadaye yule mwana-elimu akakitambua kimoja katika picha ya makumbusho ya Marekani, na uchunguzi ukaonyesha kimoja kimo katika makumbusho ya jimbo la Illinois na cha pili katika makumbusho ya Chuo cha Hampton. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa mjini kwa wenyewe. Mwaka 2019 vikaja vingine 30 kutoka makumbusho ya Denver.

Sheria ilikuwa wapi siku zile? Hili ndilo la kufikiri. Sheria ya mambo ya kale iliulinda moja kwa moja mkono wa kale tu, yaani vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1895. Na mwaka 1895 ni mwaka gani? Ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Kitu kilichochongwa baada ya hapo hakikuwa cha kale mbele ya sheria, mpaka Waziri akitangaze kwa jina. Basi kigango kilichosimamishwa na mzee aliye hai, kwa ajili ya ndugu zake mwenyewe, kilisimama nje ya ua. Mwizi alijua kuhesabu miaka kuliko mtunga sheria.

Hata Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, iliyochukua mahali pa zile za zamani, imeendelea kutumia mwaka huo 1895 kwa vitu vya kale. Lakini ina mlango mwingine: milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 ni vitu vilivyolindwa, na Waziri aweza kutangaza aina nyingine za vitu kuwa chini ya ulinzi. Ndiyo maana mtu hawezi kuja Lamu au Mombasa akang'oa mlango wa kale na kuupakia melini kama gunia la nazi.

Twaona mafunzo mawili. La kwanza: kilichovirudisha vile vigango viwili ni picha moja na jina la mji, yaani kumbukumbu. La pili: sheria iliyopimwa kwa kalenda ya mtawala huwaacha nje walio hai.

Wako na wengine wanaongoja, na wako waliokwisha kupata. Fimbo tatu za uongozi za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilirudishwa nchini mwaka 2006. Ngoma kubwa ya Wapokomo iitwayo ngadji, iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, iliingia British Museum huko London mwaka 1908, na wazee wa Tana wameidai.

6. MSITU, MAGOFU NA BAHARI

Urithi si vitu vya mkononi tu. Misitu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa na Serikali kuwa mahali pa kulindwa mwaka 1992, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001, Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, mwaka 2011, Thimlich Ohinga mwaka 2018, na Gedi mwaka 2024. Lakini kumbukeni kwamba kaya hazikuanza kulindwa mwaka 1992. Zililindwa na miiko ya wazee miaka mingi: usikate mti, usiingie na chuma, usichukue kitu. Sheria ya Serikali iliikuta sheria nyingine mlangoni. Zikishikana mikono, msitu hupona. Moja ikiidharau mwenzake, msitu huwa makaa na mawe ya kujengea.

Wenzetu wa mjengo, hili lenu. Ukichimba msingi ukakuta vigae, kaburi la kale au ukuta uliozikwa, sheria ya 2006 yataka Makumbusho ya Taifa yaarifiwe. Msimamizi akikuambia, "Funika haraka, tutachelewa," ujue anakuingiza katika kosa lake. Mwarifu mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.

Na ushahidi kwamba urithi ni tumbo pia, ni shauri la wavuvi wa Lamu. Bandari kubwa ilipojengwa, walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao za mazingira, za kupata habari, za riziki na za utamaduni zilivunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kutoka hukumu hiyo mpaka fedha mkononi palikuwa na safari ndefu ya mazungumzo. Hata hivyo neno limekwisha kuandikwa: namna ya kuvua iliyorithiwa kwa babu ni utamaduni, na mwenye mradi hawezi kuipita kama mtu apitaye jiwe njiani.

7. SHERIA ILIPOKUWA PINGU

Sasa upande wa pili wa kisu.

Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanya kazi wa viwandani na wa mashamba ya chai walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao. Wakacheza mchezo wa Kigikuyu uitwao "Ngaahika Ndeenda", ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Ulikuwa juu ya ardhi na kibarua, juu ya maskini anayenyang'anywa kipande chake na tajiri. Wachezaji walikuwa wenyewe wenye kisa. Ulianza tarehe 2 Oktoba, watu wakamiminika. Tarehe 16 Novemba kibali cha kukusanyika kikaondolewa, na mchezo ukafa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Ni nani aliyevunja sheria hapo? Si wachezaji. Mambo yote yalifanywa kwa karatasi: karatasi ya kuondoa kibali, karatasi ya kizuizi. Kibali kile cha kukusanyika ndicho kile kile kilichotumika kuzuia mikutano ya vyama vya wafanya kazi tangu siku za ukoloni. Makhan Singh, aliyesaidia kuanzisha chama cha wafanya kazi mwaka 1935, aliwekwa kizuizini tangu 1950 mpaka 1961. Kwa hiyo anayedhani kwamba shauri la mchezo wa kuigiza si shauri la chama, na aisome historia yetu.

Siku hizi Katiba ni nyingine, lakini mikono mingine ni ile ile. Mwaka 2025 wanafunzi wa kike wa Butere walizuiwa kuonyesha mchezo wao katika mashindano ya shule. Mahakama Kuu ya Kisii ikaamuru waruhusiwe. Walipofika Nakuru hawakupewa nafasi ya kucheza ipasavyo, wakaimba wimbo wa taifa wakatoka, na polisi wakatupa moshi wa kutoa machozi. Mnaona mambo mawili kwa pamoja: mwaka 1977 hapakuwa na hakimu wa kusema "waacheni", mwaka 2025 alikuwapo, naye alisema. Lakini amri ya hakimu yahitaji watu wa kuisimamia, kama vile mapatano ya mshahara yanavyohitaji wanachama wa kuyalinda.

8. TUFANYE NINI

Kamati inaleta mambo manne mbele yenu, nayo yatapigiwa kura kabla hatujatawanyika.

Kwanza, kila mwanachama mwenye kazi ya sanaa awe na daftari: jina la kazi, tarehe, waliosaidia, na nakala ya sauti au picha. Ye yote aliyepewa hati ya kutia sahihi aje nayo ofisini kabla ya kuitia. Ofisi itamtafutia wa kuisoma.

Pili, katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya pamoja, chama kidai kifungu kipya: kwamba kazi aliyoibuni mfanya kazi nje ya saa za kazi na nje ya kazi aliyoajiriwa ni yake, na kwamba kazi iliyobuniwa kazini itajwe jina la aliyeifanya, na akipata mwajiri faida mpya kwayo, mfanya kazi awe na fungu. Hiki ndicho kifungu tunachokitilia mkazo. Waajiri watacheka mwanzoni. Walicheka pia tulipodai likizo yenye malipo.

Tatu, tawi liwachague wawili waende kwenye kaunti waulize juu ya daftari la maarifa ya jadi, wakarudi na majibu katika mkutano ujao.

Nne, tuukusanye urithi wetu wenyewe. Nyimbo zilizoimbwa kwenye migomo, kadi za zamani, picha, na magazeti haya ya kuchapa kwa mashine ya mkono, yote yaliwa na mchwa chini ya vitanda vya wazee. Nchi ina sheria ya hifadhi ya nyaraka tangu mwaka 1965, lakini haiwezi kuhifadhi kitu ambacho hakikuletwa. Mzee akiondoka na sanduku lake, tumepoteza maktaba.

Ndugu zetu, mwizi wa kigango alihesabu kwamba hakuna atakayeuliza. Mwenye hati ya "wakati wo wote" anahesabu hivyo hivyo. Hesabu yao itakuwa sawa tukinyamaza, na itaharibika siku tutakapouliza kwa pamoja.

Karatasi za kura zitagawanywa sasa. Asiyejua kusoma amwombe jirani yake amsomee kifungu cha pili mara mbili, kwa sababu ndicho tutakachokwenda nacho mezani.

Umoja ni nguvu. 

Ni sisi wenu katika kazi,
KAMATI YA ELIMU